Kamera kwenye depo: namna ya kuipanga na seva ndogo, jua na rezo ya ndani



Kisha mavuno, mali yote ya kooperative iko ndani ya chumba kimoja. Mahindi, karanga, cossette za muhogo, mpunga, madumu ya mawese: jasho la familia nyingi limefungwa na kadena moja. Ndiyo maana kooperative nyingi zinatuuliza juu ya kamera. Tuweke au tusiweke? Na kama tunaweka, tufanye namna gani kwenye sehemu kama Kiambi, ambako umeme wa laini haufiki kwenye depo, na rezo ya telefone inakuja na kwenda sawa upepo?

Tutajibu yote mawili. Lakini tuanze na jambo ambalo muuzaji wa kamera hatawaambia.

Kamera haifungi mlango. Tena haizuii vidudu vya mahindi, ambavyo mara nyingi vinakula magunia mengi kuliko mwizi. Kama depo yenu haina mlango wenye kadena mbili, funguo zikiwa kwa watu wawili tofauti, na kama hakuna daftari la kuingiza na kutoa linalosainiwa siku ileile, basi pesa za kamera zipeleke huko kwanza. Mifuko isiyopitisha hewa, ile ya aina ya PICS, nayo inakuja mbele ya kamera. Kamera ni ya kooperative ambayo tayari iko na daftari, na sasa inataka kujua juu ya nini daftari na magunia havipatani.

Na hapo tunasema wazi mawazo yetu: kamera yenye faida kubwa si ile inayoangalia barabara. Ni ile inayoangalia mizani. Ugomvi mwingi wa depo hauletwi na mtu aliyevunja ukuta usiku. Unaletwa na mama aliyeleta gunia lake, akaandikiwa kilo 84, na nyumbani alipima 91. Nani anasema kweli? Picha inayoonyesha gunia juu ya mizani, na namba za mizani zikisomeka, inamlinda yule mama, na inamlinda pia mtunza depo ambaye kila mwaka anaitwa mwizi hata kama mikono yake ni safi. Kamera ya pili ndiyo ya mlango. Mbili zinatosha kwa kuanzia.

Seva ni nini, na programu gani

Seva ya nyumbani ni kompyuta ndogo inayobaki ikiwaka muda wote na kushika picha za kamera kwenye diski, hapohapo kwenye depo au kwenye nyumba ya jirani. Haihitaji intaneti kwa kazi ya kila siku. Kamera nyingi za bei ndogo zinauzwa na programu ya telefone inayotuma picha kwenye seva za kampuni, mbali kabisa. Kwa mtu wa mjini haina shida. Kwa depo ya Kiambi ni hasara mara mbili: rezo ikikatika hakuna kinachoshikwa, na rezo ikiwepo mega zinakwisha. Piga hesabu: kamera inayotuma megabiti 1 kwa sekunde inakula karibu megabaiti 450 kwa saa moja. Kwa siku nzima ni gigabaiti 10 na kitu. Hakuna kooperative itakayolipa hiyo.

Kwa hiyo tunachagua kamera zinazozungumza lugha ya wote. Wakati wa kununua, Kalemie au Lubumbashi, uliza maneno mawili: RTSP na ONVIF. RTSP ni njia ya kamera kutoa picha kwa kompyuta yoyote. ONVIF ni mapatano yaliyoanzishwa mwaka 2008 na kampuni za Axis, Bosch na Sony ili kamera za kampuni mbalimbali ziweze kuelewana na programu mbalimbali. Kamera isiyo na RTSP msiinunue, hata kama ni ya bei ya chini. Itawafunga kwenye programu ya mwenye kuiuza.

Programu zenyewe ziko nyingi, na zile tunazozungumzia hapa ni za bure. ZoneMinder ni ya zamani, ilianza miaka ya 2000 mwanzoni. Aliyeitengeneza aliibiwa vyombo vyake vya kazi kwenye gereji, akaamua kujiandikia programu ya ulinzi. Iko na mambo mengi, lakini inataka databesi na kompyuta yenye nguvu kidogo. Frigate ni ya kisasa zaidi: inaweza kutofautisha mtu, mbwa na gari, ambayo ni faida kubwa pale mbuzi wanapopita mbele ya depo usiku kucha. Lakini kazi hiyo ya kutambua inahitaji kompyuta nzuri au kifaa cha kuongeza, na kompyuta nzuri inakula umeme.

Sisi kwa depo ya jua tunashauri Motion. Ni nyepesi, inafanya kazi kwenye Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo inayoingia kwenye kiganja cha mkono, na mipango yake yote iko kwenye faili la maandishi ya kawaida. Kijana mmoja wa kooperative aliyesoma sekondari na asiyeogopa kibodi ataweza.

Je, laptopu ya zamani haifai? Inafaa. Tena iko na betri yake ndani, kwa hiyo umeme ukikatika kidogo haizimi. Ila laptopu inakula wati 15 mpaka 30, na Raspberry Pi 4 inakula karibu 5. Ile tofauti mtailipa kwenye plaka za sola na betri.

Hesabu ya jua

Hapa ndipo mipango mingi inaanguka, kwa hiyo tuende polepole.

Kwenye mto huuhuu wa Luvua kuna kituo cha umeme cha Piana-Mwanga, kilichojengwa wakati wa Wabelgiji ili kulisha mgodi wa bati wa Manono. Ulikuwa umeme wa mgodi, haukuwa wa wakulima. Kwa depo tunategemea jua.

Raspberry Pi na diski yake ndogo ya SSD: wati 7. Kamera mbili, kila moja wati 4 mchana na karibu 6 usiku, kwa sababu usiku zinawasha taa yao isiyoonekana: tuseme 12. Kisanduku kinachounganisha kable za rezo, kile mafundi wanachokiita suwichi: wati 3. Jumla wati 22. Zidisha kwa saa 24 upate wati-saa 528 kwa siku.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 inashika wati-saa 1200 kwenye karatasi. Lakini ukiimaliza yote kila usiku itakufa kabla ya mwaka kwisha. Tumia nusu tu, yaani 600. Hiyo inakupa siku moja na saa chache bila jua. Kati ya Oktoba na Aprili, wakati wa mvua, mawingu yanaweza kukaa siku mbili au tatu. Betri mbili, basi. Kwa plaka, hesabu saa 4 za jua zuri kwa siku: 528 gawanya kwa 4 ni wati 132, ongeza hasara ya waya, joto na vumbi, nunua wati 200.

Kama pesa haitoshi, kuna njia ya kupunguza: kamera ya mlango iwake usiku tu, na ile ya mizani iwake saa za kupokea mazao tu. Hapo matumizi yanashuka kwa karibu theluthi moja. Lakini mjue mnachopoteza. Mwizi mwenye ufunguo haji usiku. Anakuja saa nane mchana, wakati watu wako shambani, na anatembea polepole.

Msitumie inverta. Kubadilisha volti 12 kuwa 220 na kisha kurudisha chini tena ni kutupa umeme ambao mmelipia. Kamera nyingi zinapokea volti 12 moja kwa moja. Raspberry Pi inataka volti 5, na kuna kipunguza volti kidogo cha bei nafuu kwa kazi hiyo. Chagueni kile kinachotoa ampea 3 kweli, siyo kwa maandishi ya boksi. Kwa sababu betri inayochajiwa inapanda kupita volti 14, wekeni pia kisawazisha volti mbele ya kamera. Na waya uwe mnene. Kamera ya wati 6 inavuta nusu ampea. Kwenye waya wa 0.75 mm² wa urefu wa mita 20, karibu nusu volti inapotea njiani. Ukitumia 1.5 mm² inapotea nusu ya hiyo. Kable ya rezo yenyewe isipite mita 100.

Kidhibiti cha sola kiwe na uwezo wa kukata umeme betri inaposhuka sana. Raspberry Pi inayokufa na kuamka, kufa na kuamka, itaharibu kadi yake ya kumbukumbu ndani ya wiki chache.

Tengenezeni mjini, mpelekeni ikiwa tayari

Kazi ya kuweka programu ifanywe mahali penye intaneti nzuri, Kalemie au Manono, na mashine ijaribiwe juma zima ikiwa imeunganishwa na kamera zilezile kabla ya kuipakia kwenye pikipiki au mtumbwi. Ukikuta umesahau programu moja ukiwa tayari Kiambi, safari ya kuifuata itakuwa ghali kuliko kamera.

Weka Raspberry Pi OS, ile isiyo na madirisha wala picha. Kisha amri moja: sudo apt install motion chrony. Motion ndiyo itaangalia kamera. Chrony ndiyo itashika saa, na habari ya saa tutairudia maana ni kubwa.

Diski ya picha isiwe ile kadi ndogo inayobeba programu. Kadi hizo zinachoka haraka zikiandikwa usiku na mchana. Nunueni SSD ya terabaiti 1 au nusu yake, muifomati kwa ext4, na muipandishe kwenye folda, kwa mfano /srv/kamera, kupitia faili la /etc/fstab, mkiongeza neno nofail ili mashine iweze kuamka hata diski ikiwa na ubaya. Kisha, diski ikiwa imepandishwa, mpe mtumiaji wa Motion haki ya kuandika: sudo chown motion:motion /srv/kamera. Bila hiyo hakuna faili litakaloonekana na mtazunguka siku nzima mkitafuta sababu. Lakini folda tupu iliyo chini, kabla diski haijapandishwa, iachwe mikononi mwa root. Juu ya nini? Siku diski ikichomoka, Motion itajaribu kuandika kwenye kadi ndogo, itaijaza, na mashine nzima itasimama. Ikikosa haki ya kuandika, inaacha tu.

Sasa kamera zenyewe. Kila moja ipewe namba yake isiyobadilika, tuseme 192.168.10.21 na 192.168.10.22, na Raspberry Pi iwe 192.168.10.1. Neno la siri lililotoka kiwandani libadilishwe siku ya kwanza. Hilo si jambo la kusema tu. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliteka kamera na mashine nyingine nyingi sana duniani kwa kujaribu maneno ya siri ya kiwandani, na ikazitumia kuangusha tovuti kubwa. Kamera zenu hazitakuwa na intaneti, sawa, lakini siku moja mtu atachomeka modemu.

Ndani ya kamera, chagueni H.264 na siyo H.265, hata kama ya pili inabana zaidi, kwa sababu karibu kila telefone inafungua H.264. Picha 8 kwa sekunde zinatosha, gunia haliruki. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde. Hesabu ya diski inakuwa nyepesi: megabiti 1 ni gigabaiti 10.8 kwa siku kwa kamera moja, kamera mbili ni 21.6, kwa hiyo terabaiti 1 inashika siku 46 hata kama kamera hazisimami kushika. Ukishika mwendo tu, ni miezi.

Kwenye /etc/motion/motion.conf mtaandika target_dir /srv/kamera, na kwa kila kamera faili lake lenye netcam_url ikifuatiwa na anwani ya rtsp. Mwisho wa anwani hiyo unatofautiana kwa kila kampuni, utaukuta kwenye kitabu cha kamera. Andikeni pia movie_passthrough on. Maana yake: chukua picha kama zinavyotoka kwenye kamera, usizipike upya. Bila hiyo Raspberry Pi inapata joto na inaanza kupoteza picha. Kamera nyingi zinatoa picha mbili kwa wakati mmoja, kubwa na ndogo. Matoleo mapya ya Motion yanaweza kuangalia mwendo kwenye ile ndogo na kuhifadhi ile kubwa, na hapo mashine inapumua kabisa.

Neno threshold ni idadi ya pikseli zinazobadilika kabla Motion haijasema kuna mwendo. Linaanza na 1500. Likiwa dogo sana, kila jani linaamsha kamera. Likiwa kubwa sana, mtu anapita. Hakuna namba tutakayowapa sisi kutoka ofisini. Mtu atembee mbele ya mlango akiwa na gunia kichwani, mchana na usiku, na ninyi mbadilishe mpaka mpate. Neno event_gap linasema baada ya sekunde ngapi za utulivu tukio linafungwa. 60 ni sawa kwa depo.

Kama kuna mwembe mbele ya kamera, tengenezeni mask_file: picha ya PGM yenye ukubwa uleule, ambamo sehemu ya majani imepakwa nyeusi na sehemu nyingine nyeupe. Motion haiangalii penye weusi.

Na taa. Ile taa isiyoonekana ya kamera inavuta wadudu, wadudu wanavuta buibui, na buibui anajenga nyumba yake mbele ya kioo. Kila unyuzi ukitikiswa na upepo unang'aa kama mtu. Dawa yake ni kuzima taa ya kamera na kuweka taa ndogo ya LED mita mbili au tatu pembeni. Taa inayoonekana iko na faida nyingine: inamsaidia sentineli.

Juu ya mahali pa kufunga kamera tuna kanuni moja tu. Ili uso wa mtu usiyemjua utambulike bila shaka, unahitaji karibu pikseli 250 kwa kila mita ya upana. Kamera ya pikseli 1920 inakupa upana wa mita 7 na nusu hivi, siyo zaidi. Ukitaka kuona uwanja mzima kwa kamera moja utaona vivuli vinavyotembea. Kamera ya mlango iangalie mlango. Ya mizani iwe karibu zaidi, meta moja na nusu au mbili, na kabla ya kufunga msumari wa mwisho mtu asome namba za mizani kwenye telefone, kwa sauti.

Saa

Picha yenye saa ya uongo ni mbaya kuliko kukosa picha. Itamtia hatiani mtu aliyekuwa na zamu Jumanne kwa jambo lililofanyika Jumatano.

Raspberry Pi 4 haina saa yenye betri ndani. Ikizimika, inasahau. Mjini inapata saa kutoka intaneti, Kiambi haitapata. Kwa hiyo nunueni kipande kidogo cha saa chenye betri, kinaitwa DS3231, kinachomekwa juu ya Raspberry Pi. Raspberry Pi 5 iko na saa yake, mnaongeza betri tu.

Kisha eneo la saa. Kongo ina saa mbili. Jimbo letu la Tanganyika liko na saa ya Lubumbashi, mbele ya Kinshasa kwa saa moja. Amri ni hii: sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi. Mtu akichagua Kinshasa kwa sababu ndiyo mji mkuu, kila tukio litakuwa na kosa la dakika 60.

Kuna mtego mwingine. Kwa sababu tumetumia movie_passthrough, Motion haiandiki saa juu ya picha. Inayoandika ni kamera yenyewe. Na kamera nayo inasahau. Kwa hiyo Raspberry Pi iwe mwalimu wa saa kwa kamera: kwenye faili la chrony ongezeni mistari miwili, allow 192.168.10.0/24 na local stratum 10, kisha kwenye kila kamera andikeni 192.168.10.1 mahali pa seva ya NTP. Sasa wote wanasoma saa moja. Kila mwezi mtu alinganishe na saa ya telefone iliyopata rezo.

Nani anaona picha

Sehemu hii si ya ufundi, na ndiyo ngumu kuliko zote.

Kooperative zetu ziko chini ya sheria ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010 juu ya vyama vya ushirika, ambayo inaihusu Kongo tangu nchi ilipoingia OHADA mwaka 2012. Sheria hiyo inatenganisha wanaoendesha na wanaochunguza: katika kooperative ya kawaida kuna komite ya kuendesha, na kuna komisyo ya uangalizi. Sisi tunaona neno la siri la seva lisikae kwa mtunza depo, wala kwa prezida peke yake. Likae kwa komisyo ya uangalizi. Tena ligawanywe: mtu mmoja ashike nusu ya kwanza ya maneno, mwingine nusu ya pili, na yote mawili yaandikwe ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa, kwenye sanduku la trezorie. Kamera inayoangaliwa na yule inayemwangalia haina kazi.

Mkutano mkuu uamue kabla kamera haijafungwa: picha zinakaa siku ngapi, nani anaweza kuomba kuziona, na zinaonyeshwa wapi. Siku 30 ni nzuri. Mashine yenyewe ifute, kwa mstari mmoja kwenye cron: find /srv/kamera -name "*.mkv" -mtime +30 -delete. Picha ya uso wa mtu ni mali yake; sheria mpya ya mambo ya dijiti, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iko na sehemu inayolinda habari za watu. Wekeni kibao mlangoni kwa Kiswahili na Kifaransa: hapa kuna kamera. Kamera isiangalie uwanja wa jirani, wala njia ya akina mama kwenda mtoni. Sauti msishike.

Sentineli aambiwe wa kwanza, na aambiwe na prezida mwenyewe. Mzee aliyelinda depo miaka kumi kwa rungu na tochi, akikuta asubuhi moja jicho limefungwa juu ya kichwa chake bila neno, ataelewa kwamba haaminiki. Na mtu anayejua haaminiki halindi tena kwa moyo. Mwonyesheni picha zake. Mwonyesheni kwamba siku magunia yakipungua, kamera ndiyo itamsemea.

Kuna hatari nyingine tusiyotaka kuificha. Jimbo letu liliona mapigano ya Watwa na Waluba, makali sana tangu 2016, na vijiji vilichomwa. Kipande cha sekunde kumi cha mtu anayebeba gunia usiku, kikitumwa kwenye WhatsApp na maneno mabaya chini yake, kinaweza kufanya kazi ambayo hakuna komite itakayoizima. Labda yule mtu alikuwa anabeba gunia lake mwenyewe. Kwa hiyo hakuna kupiga picha ya skrini kwa telefone, hakuna kutuma kwenye kundi, hata kundi la komite. Anayetaka kuona aje, akae, aone na wengine watatu. Tena, kama wanakuja watu wenye silaha, mtu asijaribu kuilinda kamera wala diski. Ni vyuma.

Ikitokea kweli kwamba mali imeibwa na picha ipo, nakala zifanywe mbili kwenye vifunguo viwili vya USB, siku ileile, kabla ya zile siku 30 kwisha. Kwa kila faili pigeni amri sha256sum. Inatoa mstari mrefu wa herufi na namba, na ule mstari uandikwe kwenye pevé pamoja na tarehe, saa na saini za watu watatu. Mtu akibadilisha hata picha moja ndani ya faili, mstari ule hautafanana tena. Kifunguo kimoja kinakwenda polisi au kwa mkuu wa kikao, kingine kinabaki kwenye bahasha.

Kila juma

Mtu mmoja, siku ya soko kwa mfano, afanye kazi ya dakika kumi. Apanguse vumbi la plaka kwa kitambaa chenye maji, asubuhi kabla hazijapata joto. Aondoe buibui. Aangalie taa ya kidhibiti cha sola. Afungue faili la jana na faili la usiku wa leo, aone kama picha inasomeka na saa ni ya kweli. Asiridhike na kuona taa ya kamera ikiwaka, maana kamera inaweza kuwaka miezi mitatu bila diski kushika kitu. Apige df -h kuona diski imejaa kiasi gani. Kisha aandike yote kwenye daftari la depo, mstari mmoja, na kusaini. Wakati wa mvua aongeze jambo moja: afungue kisanduku cha seva na kuangalia unyevu na sisimizi, ambao wanapenda sana joto la kifaa cha umeme. Kipande cha wavu wa mbu kwenye matundu ya hewa kinasaidia.